Rubani Hajatoka Kitandani

Jumatatu, 4 Machi

Mdomo umeniponza.

Mwalimu wa lugha ametangaza mashindano ya riwaya za wanafunzi. Kurasa sitini za fulskepu, zisipungue. Kila shule inapeleka riwaya moja tu. Zifike mezani kwake Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 15, saa sita mchana. Akauliza kama kuna mtu mwenye chochote. Kamusi akanyoosha mkono. (Huyu binti tunamwita Kamusi kwa sababu hajawahi kusema ana njaa, husema tumbo lake limepatwa na ukiwa.) Akasema yeye yuko ukurasa wa sabini na mbili.

Hapo mkono wangu, ambao haujawahi kunyooka hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani, ukanyooka wenyewe. Nikaisikia sauti yangu ikisema kwamba riwaya yangu imebaki kumaliziwa tu.

Ukweli: nina jina la riwaya, ukurasa wa kutabaruku, na kurasa tisa za hadithi. Katika kurasa hizo tisa shujaa wangu, rubani, ameamka hotelini na anafikiri. Bado yuko kitandani.

Wakati wa kutoka mwalimu alinishika bega. Akasema miaka minne amekuwa akisubiri nifungue kinywa, na kwamba hatasahau siku ya leo. Sasa nitamtazamaje usoni?

Zimebaki kurasa hamsini na moja. Siku kumi na moja. Hazifiki hata tano kwa siku. Rahisi.

Jumanne, 5 Machi

Mwandishi bila nidhamu ni debe tupu. Nimetengeneza ratiba. Rangi nne: nyekundu ya kuandika, bluu ya kutafakari, kijani ya kula, njano ya dharura. Imenichukua tangu nitoke shule hadi chakula cha jioni, kwa sababu kalamu ya njano ilikauka na ikabidi nianze upya na zambarau.

Nimeibandika ukutani. Inapendeza sana. Baba kauliza kama ni ramani ya mabomba ya maji.

Kurasa: sifuri. Lakini kwa mujibu wa ratiba, leo ilikuwa bluu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandika kurasa nne! Ni za Shukrani. Nimemshukuru mhariri wangu kwa uvumilivu wake. Sina mhariri, lakini nikimpata hatakosa cha kujivunia.

Mchana nilikwenda maktaba nikakaa mkabala na Kamusi makusudi, ili hasira inisukume. Kosa kubwa. Yule binti anaandika kama mvua juu ya bati. Mimi niliandika sentensi moja, nikaifuta, nikafuta na alama za kuifuta, karatasi ikatoboka. Kamusi akauliza kwa upole mambo yanaendaje. Nikasema niko kwenye kupiga msasa. Akasema vema sana, huku akiitazama karatasi yangu. Nilikuwa nimechora ndege.

Alhamisi, 7 Machi

Ugonjwa wangu nimeugundua. Ni riwaya ya upelelezi niliyoazima maktaba. Daktari wa meno ameuawa kwenye kiti chake mwenyewe, mimi niko ukurasa wa 180, na hakuna anayejua muuaji. Ubongo wote umehamia huko. Kazi yangu itasogeaje?

Kwa hiyo nimepata mpango kabambe. Kitabu nimemkabidhi Bibi, mama yake baba. Kila nikiandika kurasa tano, ananipa kurasa ishirini za kusoma. Nisipoandika, sisomi. Nimejitia mwenyewe kitanzi cha heri.

Bibi alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Hapokei kitu kwa maneno matupu. Alitaka mkataba. Akauandika yeye, kwa mwandiko ulionyooka kama nguo iliyopigwa pasi, akanisukumia. Nikatia sahihi haraka kabla hajabadili mawazo. Akaniambia, asante mume wangu. Ananiita hivyo tangu nilipozaliwa, na mbele ya watu vilevile, na mimi bado natamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 8 Machi

Maafa.

Nimerudi shule nimemkuta Bibi kibarazani, miwani puani, anafunga kitabu. Amekimaliza. Chote! Anasema muuaji alimjua tangu ukurasa wa arobaini, mtu mwovu hujulikana kwa jinsi anavyosalimia.

Kisha akanitangazia: ikifika saa kumi na mbili jioni sina kurasa tano, atamtaja muuaji mezani, wakati wa chakula, Baba akiwa shahidi. Nikasema hilo halimo kwenye mkataba. Akasema limo nyuma ya karatasi. Nikageuza karatasi. Limo. Nilitia sahihi bila kugeuza. Bibi akasema miaka thelathini amewatazama watu wazima wakifanya hivyohivyo, nisione haya.

Kurasa tano zilikamilika saa kumi na mbili kasoro dakika tatu. Mkono umekufa ganzi. Bibi akataka nimsomee. Nikasoma. Rubani alikumbuka utoto wake, akatazama dari, akakumbuka tena. Bibi akauliza kama huyu mtu ni mgonjwa. Nikasema hapana, ana huzuni. Akauliza kama ana kazi. Nikasema ni rubani. Akauliza ndege inarushwa na nani.

Jumla: kumi na nne.

Jumamosi, 9 Machi

Leo niliamua kutumia akili. Nikaandika kwa herufi kubwa kidogo. Bibi akachukua rula. Akasema hizi ni herufi za bango la kinyozi, kurasa zangu tano ni mbili na nusu. Saa ilikuwa kumi na moja jioni. Akafungua kinywa: "Muuaji ni..." Nikaziba masikio nikakimbilia mezani.

Kwa hasira nikamwingiza mtu wa kwanza aliyenijia kichwani. Dobi wa hoteli. Kagonga mlango kwa kiwiko, kapu kichwani, kamwambia rubani ainuke maana anataka shuka. Na rubani kainuka! Baada ya kurasa kumi na sita! Mimi mwenyewe nilishangaa. Dobi akaondoka na shuka na suruali ya rubani, akafika uani, akapekua mifuko kabla ya kufua, akakuta ufunguo mdogo wa shaba.

Hapo zilitimia. Nikamsomea Bibi. Safari hii hakuuliza lolote. Akasema endelea. Nikasema ndiyo mwisho wa leo. Akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani tonge likiwa njiani.

Jumatatu, 11 Machi

Jumla: thelathini na sita! Jana nimeandika kumi na moja, leo sita. Nidhamu inazaa matunda.

Tatizo ni dobi. Nilipanga riwaya ya majonzi, ya rubani na mapenzi yaliyopotea mawinguni. Lakini kila nikimwandika rubani, kalamu inalala. Nikimgusa dobi, inakimbia. Amejaa kila chumba. Jana amegombana na meneja. Leo amelificha kapu.

Na Bibi amegeuka hakimu. Kaniuliza dobi alikuwa wapi saa nne asubuhi, maana ukurasa wa ishirini na mbili yuko uani na ukurasa wa ishirini na tano yuko sokoni, saa ileile. Shahidi hawezi kuwa na miili miwili. Nikarudi kurekebisha. Baba naye, mezani, kaniuliza kama dobi amewaambia polisi. Nikamjibu kwamba hii ni fasihi, si umbea. Akasema anauliza tu.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimejikomboa.

Msanii gani anaishi kwa vitisho na kwa kurasa ishirini ishirini? Nimegundua maktaba ilikuwa na nakala mbili za ile riwaya ya upelelezi, na ya pili anayo Kamusi. Nikajikaza nikamwomba. Akanipa palepale, bila swali, akatabasamu. Mshindani hatabasamu bure. Nikaipekua kama ina mtego. Haina.

Nilisoma chini ya dawati kipindi cha hesabu. Nilisoma njiani, nikamgonga mtu, nikamwomba radhi, ilikuwa nguzo ya umeme. Nikamaliza. Muuaji ni mgonjwa aliyekaa kwenye foleni tangu ukurasa wa tatu! Anasalimia kila anayeingia!

Saa kumi na mbili Bibi akauliza kurasa ziko wapi. Nikasema sina. Akafungua kinywa. Nikamtaja muuaji mwenyewe, kwa sauti, mbele ya Baba. Bibi akakunja miwani. Akasema haya. Akaenda chumbani kwake kabla ya chai.

Ushindi. Sijui kwa nini chai haikuwa na ladha.

Jumatano, 13 Machi

Mimi ni mtu huru. Hakuna wa kunitisha. Nimechonga penseli saba. Nimezipanga kwa urefu. Kurasa: sifuri.

Kamusi amemaliza. Kurasa mia moja na kumi na mbili, kazifunga kwa utepe. Mwalimu alinipitia wakati wa mapumziko, akasema amekwisha kumwambia mwalimu mkuu habari zangu, kwamba yule kijana aliyekuwa kimya ana kitabu. Tumbo likapatwa na ukiwa.

Zimebaki ishirini na nne. Siku mbili kasoro. Maji yamenifika shingoni, nami nachonga penseli!

Jioni nikapiga moyo konde nikaenda kwa Bibi. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Nikamwomba anitishie tena. Nikapendekeza achukue viatu vyangu, au miwani yangu, au awaambie majirani nilivyolia nilipokatwa nywele. Akaendelea kukunja.

"Vitisho vimekwisha, mume wangu. Muuaji wako umeshamjua."

"Basi niwekee adhabu, Bibi. Kurasa zangu hazitatimia."

"Kurasa zako mimi sikuwa nazihesabu kwa ajili yako." Akalaza shati magotini. "Miaka thelathini nimeandika maneno ya watu mahakamani. Kesi inaahirishwa, wanaletewa karani mwingine, mwisho wake siujui mpaka leo. Mimi nataka kujua dobi aliupeleka wapi ule ufunguo. Usiniahirishie na wewe."

Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi sijui.

"Basi nenda ukamuulize yeye. Mimi nimekaa hapa."

Alhamisi, 14 Machi

Nimemuuliza. Amenijibu.

Niliandika alfajiri, niliandika mapumziko, niliandika kipindi cha michezo nikidai goti linauma, na likaanza kuuma kweli. Kurasa kumi na tano. Jumla hamsini na moja. Bibi amesikiliza zote bila kugusa chai yake.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi, nikivaa soksi, nilimtajia Bibi maneno naye akayaandika. Hajapoteza kasi. Kwa hiyo kurasa za hamsini na mbili na hamsini na tatu zina mwandiko wa mahakama. Mwalimu akiuliza, nitasema mkono wangu ulitulia.

Mapumziko ya saa nne nikafika hamsini na saba, karatasi zikaniishia. Duka la shule limefungwa. Nilisimama koridoni kama kuku aliyenyeshewa. Kamusi akapita, akafungua daftari lake la fulskepu, akanichania karatasi nne. Akasema andika. Bado sijaielewa nia yake.

Saa sita kasoro dakika nane niliziweka mezani. Sitini kamili. Mwalimu alizipokea kwa mikono miwili.

Jioni nikamsimulia Bibi mwisho kwa mdomo. Kwamba dobi hakuupeleka ufunguo polisi wala kwa meneja. Aliufungulia sanduku la rubani, akakuta shuka. Shuka nyeupe za kila hoteli aliyowahi kulala, zimekunjwa vizuri. Mwizi wa shuka! Ndiyo maana rubani hakutaka kutoka kitandani. Alikuwa anasubiri korido iwe tupu. Na mojawapo ina herufi za jina la dobi kwenye pindo, alama aliyotia shuka alizofua, nayo ndiyo aliyosingiziwa kuiba akafukuzwa kazi yake ya kwanza.

Bibi alivua miwani akaifuta. Kisha akasema mshitakiwa ana kesi ya kujibu. Akanywa chai yake yote.

Jumatatu, 18 Machi

Mwalimu ametuita mimi na Kamusi ofisini. Amesoma zote mbili. Akamwambia Kamusi lugha yake ni dhahabu, lakini yeye mwalimu hakukumbuka jina la mtu hata mmoja. Kisha akanigeukia, akasema ya kwangu alianza Jumamosi akiwa jikoni na ameunguza sufuria. Inakwenda ya kwangu! Kamusi alinipa mkono. Akasema hata yeye alitaka kujua dobi atafanyaje, maana siku ile koridoni alichungulia. Nilijua tu kwamba ana jambo.

Kisha mwalimu akaonyesha barua iliyofika leo. Waandaaji wamesogeza tarehe hadi mwisho wa Mei. Akasema haituhusu, ya kwetu iko tayari, ataituma leo.

Nikamwomba anirudishie.

Nimemweleza kwamba haraka haraka haina baraka. Kwamba dobi amechukua nafasi kubwa kuliko inavyostahili fasihi, na tafakuri za rubani zinahitaji kurasa zaidi. Na kwamba ukiangalia vizuri, kwa miezi miwili mtu mwenye nidhamu anaweza kuleta juzuu tatu. Mwalimu akauliza kama nina hakika. Nikasema karibu nimezimaliza. Akaandika kwenye kitabu chake: juzuu tatu. Akasema atamjulisha mwalimu mkuu.

Bibi sijamwambia bado. Nitamwambia nikipata nafasi.

Nimeanza kazi leo leo, bila kupoteza hata dakika, na lililo muhimu zaidi: hotuba yangu ya kupokea tuzo. Niko ukurasa wa sita, na kalamu haijagoma hata mara moja.