Nafasi Sita za Dirishani

Siku biashara ile ilipomjia, Asali alikuwa hawezi kusema. Jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Mtu mwingine akipoteza sauti kwa saa mbili, amepoteza saa mbili; Asali akipoteza sauti, kiwanda kimefungwa na wafanyakazi wote wamerudi kwao. Alikuwa ameishi mjini miaka kumi na saba kwa mdomo wake tu, ndiyo maana wakamwita Asali. Na sasa alikuwa kwenye benchi la daktari wa meno, gego limeng'olewa, pamba imejaa shavuni, upande mzima wa kushoto umekufa ganzi.

Kando yake walikaa mume na mke, wote wastaafu. Mume alikuwa mwalimu mkuu, na ingawa alikwishaiacha shule, shule ilikuwa haijamwacha: kila kitu alikisoma kwa sauti, kalamu nyekundu mkononi. Mapajani alikuwa ametandaza vipeperushi vitatu vya kampuni za utalii.

"Hawa wanabeba watu arobaini kwenye basi moja," alisema. "Arobaini! Tembo akitokea kulia, mliokaa kushoto mtaona visogo vya wenzenu."

"Lakini ni nafuu," mkewe akajibu.

"Visogo naviona bure hapahapa. Mimi nataka kundi dogo. Watu sita, kila mtu na dirisha lake."

"Basi lipia hilo kundi dogo."

"Bei yake umeiona?"

Asali aliiona, kwa jicho la pembeni. Akaona pia viatu vilivyong'arishwa, mkoba wa mama uliofungwa vifungo viwili, na hamu kubwa iliyokosa pa kukaa. Damu ya biashara ikamchemka. Akageuka, akafumbua mdomo, ikatoka sauti ya mtu anayezama.

"Unasemaje, bwana?" Mwalimu Mkuu akauliza.

Asali akainua vidole sita. Akachora dirisha hewani. Akajigusa kifua. Kisha, kwa adabu zote, akaichukua ile kalamu nyekundu, akaandika nambari yake ya simu pembeni mwa kipeperushi, na chini yake maneno haya: Kundi dogo. Kwa usaili tu. Akainama kidogo, akaondoka ameshika shavu.

"Umemwona?" Mwalimu Mkuu akamwambia mkewe. "Huyo ndiye mtu wa kazi. Angekuwa tapeli, saa hizi masikio yangeshaziba kwa maneno."

Keshokutwa yake ofisi ilikuwa tayari. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, alichokikodi kutoka kwa fundi cherehani aliyekwenda kuuguza wazazi. Cherehani alizifunika kwa kitambaa cha kijani, zikafanana na kitu cha maana. Ukutani akabandika tembo aliyemkata kwenye kalenda, na chini ya miguu ya tembo bado palisomeka "Ijumaa".

"Hatuchukui kila mtu," alimwambia Mwalimu Mkuu. Ganzi ilikwisha, mdomo ulikuwa umerudi kazini na malimbikizo ya siku mbili. "Kundi dogo ni kama ndoa, mzee wangu. Ukikosea mmoja, wote mnaumia. Unakoroma?"

"Mimi? Kidogo tu."

"Kidogo!" akasema mkewe, akatazama dari.

"Tutalifikiria," Asali akasema, akaandika kitu daftarini. Alichoandika ni "nunua mkate".

Bei aliyowatajia ilikuwa chini kidogo ya ile ya kwenye kipeperushi. Si chini sana, maana kitu cha bei ya kutupa humshtua mwenye akili, bali chini kiasi cha kumfanya mtu ajione mjanja. Walipopigiwa simu kwamba wamefaulu usaili, Mwalimu Mkuu alitangaza habari ile mtaa mzima kama matokeo ya mtihani.

Jirani yake alikuwa muuza vitambaa, ambaye siku zote alisema hawezi kulipa fedha ili kwenda kumtazama swala akila majani. Lakini aliposikia kwamba kuna watu wanakataliwa, usingizi ukamruka. Akaja na mkewe. Asali akawakataa. Wakarudi, akawakataa kwa upole zaidi. Mara ya tatu muuza vitambaa alikuja na bahasha nene, akaapa kwamba hakoromi, hapigi kelele wala haogopi nyani.

"Na chui milia tutamwona?" aliuliza baada ya kuiachia bahasha.

"Wawili," Asali akajibu bila kupepesa. "Dume na jike."

Itajwe hapa, kwa heshima ya elimu, kwamba chui milia wa karibu kabisa alikuwa ng'ambo ya bahari, kwenye bara jingine. Lakini mteja hakuuliza umbali.

Zikabaki nafasi mbili. Alizijia mwanamke mmoja mnene, mpole wa mwendo, mkunga mstaafu, aliyepanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua tatu. Alikaa, akatoa miwani, na badala ya kuulizwa, akauliza yeye. Gari lina viti vingapi? Paa linafunguka? Anayeongoza ni nani, na amefanya kazi hiyo miaka mingapi? Kwa siku tunakaa garini saa ngapi? Mtu akiugua huko porini, nani anamchukua? Tunalala kambi gani? Asali alijibu yote bila kukwama, na kambi akaitaja kwa jina alilolisoma kwenye kile kipeperushi.

"Nafasi ya pili ni ya mdogo wangu," Mkunga akasema. "Ni fundi saa. Tangu afiwe na mkewe mwaka jana hatoki kwenye kibanda chake. Anatengeneza hata saa ambazo hakuna anayezidai. Tulipokuwa wadogo alikuwa akichora twiga kila mahali, mpaka kwenye kuta za jirani. Nataka akamwone kabla sote hatujaisha. Akiba yangu ndiyo hii, mwanangu."

Kitu kikamchoma Asali, kidogo, kama mbu. Akakipiga kofi moyoni, kikafa. Akapokea bahasha.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Zilibaki wiki tatu kabla ya siku ya safari. Yeye angeingia mitini katika wiki ya pili, pole pole, bila kumtisha mtu. Tena alikuwa ameshachagua hata mji wa kuhamia. Lakini siku nne baadaye Mkunga akapanda tena zile ngazi, akipumzika kila hatua tatu.

"Mwanangu, nimekuletea baraka," alisema akipangusa jasho. "Nina wenzangu, wakunga wastaafu. Arobaini na wawili. Wamenisikia nikisimulia, sasa kila mmoja anataka kwenda."

"Arobaini na wawili," Asali akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Makundi saba ya watu sita sita. Kiinua mgongo chao kimelala benki hakina kazi. Ila wameumwa na nyoka hao, wakiona ung'ong'o wanashtuka. Walilipia safari mwaka juzi, mtu akatoweka na fedha. Mwenyekiti wao anasema hatoi hata senti mpaka aone risiti ya kambi ya kundi letu. Yenye mhuri."

"Risiti ni kitu kidogo, mama."

"Halafu atapiga simu kuhakikisha. Unajua watu wazima tulivyo."

Asali alikesha na hesabu moja tu: sita mara saba. Mvuvi asiyetaka kupoteza chambo, alijiambia, akale mchicha. Asubuhi akapiga simu kambini na kuwawekea watu sita nafasi, kwa malipo ya nusu. Risiti ikaja. Ilikuwa risiti ya kwanza ya kweli kupita mikononi mwake, akaigeuzageuza kama mtu aliyeokota kito.

Mkunga aliipeleka, akarudi na uso wa huzuni. "Mwenyekiti anasema nusu ni mchezo wa wajanja. Anataka kuona imelipwa yote."

Akalipa yote. Chini ya risiti iliandikwa kwa herufi ndogo kwamba fedha hazirudishwi. Asali, aliyejenga maisha yake juu ya herufi ndogo za wengine, hakuzisoma.

Juma lililofuata mwenyekiti alitaka kujua gari. Asali akakodi gari, la kweli, na dereva wake mwenye cheti cha uongozaji watalii, mtu mkavu aliyejua majina ya ndege mia nne na hakutaka kumwambia mtu hata moja kabla hajalipwa. Kisha viingilio vya hifadhini. Kisha bima, kwa sababu mmoja wa wale wakunga eti ana maradhi ya moyo na anataka kuona mfano wa hati ya bima. Bahasha zikaisha. Asali akauza jokofu. Akauza televisheni. Alipofika kwenye godoro, mwenye duka la chini akamwambia magodoro yaliyotumika hanunui, akabaki nalo, ndilo pekee.

"Vumilia, mwanangu," Mkunga alimfariji. "Asubuhi ya safari watakuja wote kutuaga. Wakiona gari linaondoka kweli, kila mtu analipa palepale. Wewe njoo na kitabu cha risiti."

Asali hakuleta kitabu kimoja. Alileta vitatu, na begi la magurudumu.

Asubuhi ile mbele ya duka la magodoro palikuwa kama harusini. Gari limeoshwa, paa limefunguliwa. Muuza vitambaa na mkewe wamevaa kofia pana za kitambaa kimoja, cha dukani kwao. Fundi Saa alisimama kando peke yake, mtu mwembamba mwenye macho ya kuchoka, akilipapasa dirisha lake kwa kidole kuona kama linafunguka. Likafunguka. Akalifunga, akalifungua tena.

Asali alitazama barabara upande wa juu. Akatazama upande wa chini. Akamvuta Mkunga pembeni.

"Mama, wako wapi?"

"Nani?"

"Wakunga! Arobaini na wawili!"

"Aa." Mkunga akaweka mkoba chini. "Wapo wawili. Mimi na mwenzangu mmoja, na yeye anaogopa magari."

Asali alifumbua mdomo. Safari hii hakukuwa na ganzi, lakini halikutoka neno.

"Kesho yake baada ya kukupa bahasha nilipiga simu kambini," Mkunga akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mzazi hali ya mtoto. "Hawakuwa na kundi letu wala habari zako. Nimezalisha miaka thelathini na moja, mwanangu. Kila siku mtu ananiambia bado, na kichwa cha mtoto nakiona."

"Si ungekwenda polisi!" Asali akafoka, na hakuna aliyewahi kutoa ushauri huo kwa uchungu kuliko yeye.

"Wangekukamata baada ya miezi miwili, fedha umeshazila. Ningebaki na kesi, mdogo wangu angebaki kibandani. Kesi haina twiga."

"Umenitapeli, mama. Nimeuza mpaka jokofu!"

"Pole. Lakini nenda kashtaki, nitakusindikiza. Nitawaeleza kila kitu, kuanzia mwanzo." Akamtazama juu ya miwani. Asali akatazama viatu. "Jambo moja tu nakuomba. Hawa wenzangu hawajui lolote. Usiwaharibie safari yao."

Mwalimu Mkuu akapiga makofi kuita utulivu. Akatoa hotuba. Alisema siku hizi uaminifu umeadimika, lakini yeye alimtambua mtu mwaminifu siku ya kwanza tu, kwenye benchi la daktari, kwa ukimya wake. Mke wa muuza vitambaa akapangusa machozi. Muuza vitambaa akamshika Asali mkono kwa mikono miwili na kumwambia kwamba hata chui milia akitokea mmoja tu, hatadai.

"Tupige picha, kaka," Fundi Saa akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi hiyo. Akampa Asali simu.

Asali akaipokea. Alirudi nyuma hatua mbili, akainama, akafumba jicho moja. "Mama, sogea kidogo kushoto," alisikia mdomo wake ukisema. "Mzee, kofia inakuficha. Haya, chekeni." Wakacheka. Akawapiga picha nne, nzuri zote.

Dereva akawasha gari. Vichwa sita vikatokea kwenye madirisha sita, mikono ikapunga, na gari likakata kona ya benki likapotea. Asali akabaki na begi la magurudumu, tupu kabisa.

"Samahani, bwana." Mtu mmoja aliyebeba gazeti kwapani alikuwa amesimama nyuma yake. "Naona watu wamependeza. Hiyo ni safari ya kundi dogo?"

"Watu sita," Asali akasema bila kugeuka. "Kila mtu na dirisha lake."

"Na wewe ndiye mwenyewe? Kiasi gani?"

Hapo Asali angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa amechoka, na bei aliijua kwa kambi, gari, dereva, viingilio na bima, senti kwa senti, kuliko mtu yeyote mjini. Akaitaja ilivyo. Ilikuwa bei ya kweli ya kwanza aliyowahi kumtajia mteja.

Yule bwana akamkagua kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Tapeli mkubwa wewe!" akasema, akavuka barabara. Na upande wa pili akamsimamisha mpita njia mmoja, akamwonyesha Asali kwa gazeti, amjue sura.