Uzinduzi wa Chuo cha Mawakili wa Kodi, Lugulu

(Hotuba ya Mheshimiwa Gathii, diwani wa zamani, shambani kwa Mzee Jotham, 2005)

Bwana mkuu wa tarafa, ambaye ametuma radhi. Msaidizi wake, ambaye ametuma chifu. Chifu wetu, ambaye nilimwona hapa sasa hivi na ninaamini ameenda kutafuta kivuli. Wachungaji wa madhehebu yote. Kina mama wa vikundi. Wazee wa kijiji. Wakulima wa Kitale na ndugu zao wa Bungoma. Mwenye shamba, Mzee Jotham. Stakeholders wote, mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Wachache: Hatujambo.)

Mimi, Gathii, diwani wa miaka mitano, mstaafu kwa hiari ya wapiga kura, na sasa Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Pamoja ya Uwakili wa Kodi, Kitale na Bungoma, nasimama mbele yenu kwa furaha isiyo na kifani, kwa sababu leo tunazindua rasmi chuo cha kwanza cha mawakili wa kodi katika ukanda huu, chuo ambacho kitamwezesha mtoto wa hapa kuacha kabisa kuhangaika na Nairobi, akitafuta kule kitu anachoweza kukipata kwa miguu, baada ya uji wa asubuhi. (Makofi.)

Mwanafunzi wetu wa kwanza ni huyu Nekesa, binti ya Mzee Jotham, ambaye mtihani wa kidato cha nne aliupiga mpaka walimu wakashika vichwa, akaitwa chuo kikuu Nairobi kusomea sheria, aripoti Jumatatu. Mimi binafsi nilifika hapa mara tatu, nikanywa chai mara tatu, nikamwuliza mzee kuna haja gani ya kumpeleka msichana mbali ilhali chuo kinakuja mlangoni, na mzee, kwa heshima aliyo nayo, akakubali abaki. Mama yake ameniambia msichana amelia wiki nzima. Hayo, ndugu zangu, ni machozi ya maendeleo. (Nekesa anaangalia chini.)

Sasa, mtu huwaje wakili wa kodi? Wale wa Nairobi watawaambia ni digrii ya sheria miaka minne, halafu Kenya School of Law, halafu miezi ya kufanya kazi chini ya wakili mkongwe, halafu kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na hapo ndipo uanze kusoma sheria za kodi zenyewe, ushuru wa forodha na VAT, mpaka uote mvi. Kamati yangu, baada ya feasibility study ya kina iliyofanyika siku nne katika hoteli moja ya Kitale, breakfast ikiwemo, imeona huko ni kuzungusha watoto bure, na kwamba kwa mtaala wa kisasa kazi hiyo yote inaingia katika miezi tisa. (Mtu nyuma: Kama mimba, bana! Vicheko.) Hata mimi sikusoma huko. Uwakili wa kodi niliujifunza kwenye kizuizi cha cess, ule ushuru wa mazao, barabara ya Kachibora, lori langu la mahindi likiwa limesimamishwa, nikamweleza karani kuanzia saa mbili mpaka saa saba kwamba mahindi mabichi si nafaka, ni mboga, na mboga haimo katika karatasi yake, hata akachoka, akaenda kula, nami nikapita. Hiyo ndiyo inaitwa kushinda rufaa. (Makofi.)

Takwimu ziko. Asilimia themanini na saba ya wananchi tuliowahoji, kutoka Kitale hadi Cheptais, inahitaji wakili wa kodi, na ishirini na nne iliyobaki inamhitaji lakini bado haijui. (Nekesa, bila kuinua kichwa: "Hiyo ni mia moja na kumi na moja.") Mnasikia? Akili kama hiyo, ati ipelekwe Nairobi! Hiyo kumi na moja inayozidi, binti yangu, ni wale waliojibu mara mbili kwa kuipenda kamati. (Mzee Jotham anamtazama binti yake kwa muda mrefu.)

Naona mzee ameinua mkono. Anauliza Jumatatu amlete mtoto saa ngapi, na aingilie mlango upi. Swali zuri sana, mzee, na jibu lake liko kwenye implementation.

Nikisema kodi, mseme wakili. Kodi! (Wakili!) Lugulu! (Juu!) Kamati! (Chai!)

Mwisho ni shukrani. Namshukuru Mzee Jotham kwa kutuazima shamba mpaka saa kumi. Najua anataka kupanda maharagwe hapa, na kamati haitamsumbua tena. Nawashukuru waliobeba jiwe la msingi, na nawaomba walirudishe polepole kwenye pickup, maana kesho linatakiwa Kachibora, tunazindua chuo cha marubani. Na zaidi namshukuru Mungu kwa kijana wangu Hillary, ambaye naye ameitwa Nairobi kusomea sheria. Jumatatu nitakuwa njiani nikimpeleka, kwa hivyo msinitafute.

(Mzee Jotham anasimama, anavua kofia: "Mheshimiwa, hiyo gari yako ya Jumatatu, iko na nafasi ya mtu mmoja na sanduku lake?")

Nafasi... (Anakunja karatasi. Anamwangalia Nekesa, ambaye sasa ameinua kichwa.) Nafasi iko, mzee. Tutampitia saa kumi na mbili asubuhi. Asanteni.