Mkebe wa Vijiti Kingstanding

Jumatatu, 6 Machi 2006

Vita vimetangazwa. Saa tatu asubuhi, chumba cha mikutano, biskuti kwenye sahani. Biskuti zikitokea Jumatatu, ujue kuna mtu atachinjwa.

Tara, mkurugenzi wetu, hawezi kusema neno baya bila kulitanguliza na mazuri mawili. Nyota mbili na ombi moja: ndiyo dini ya Kituo hiki cha chuo kikuu kinachodai kuboresha shule. Tumewahubiria walimu wa Birmingham nzima hadi tumejiambukiza wenyewe. Hata kikombe kichafu jikoni hubandikiwa kikaratasi: nyota, umechagua kikombe kizuri, nyota, umemaliza chai yote, ombi, kioshe. Basi leo Tara akaanza. Nyota ya kwanza, mimi na Dalmar ni washauri hodari. Nyota ya pili, shule zinatuheshimu. Ombi, ifikapo Julai abaki mmoja.

Ombi! Mtu ananyongwa kwa ombi!

Shule ya mwisho inayotuamini iko mtaa wa Kingstanding. Mwalimu mkuu wake, Bi Swaran, amesema amechoka kushauriwa na watu waliosahau harufu ya darasa. Anataka kila mmoja wetu afundishe kipindi kimoja, darasa la mwaka wa tisa, watoto wa miaka kama kumi na minne, yeye na Tara wakitazama kutoka nyuma. Atakayemridhisha ndiye atakayebaki. Dalmar Alhamisi, mimi Ijumaa.

Nilisimama nikapinga. Nilisema mwalimu si farasi wa kukaguliwa meno sokoni. Nikaeleza historia ya ukaguzi wa shule katika nchi hii tangu enzi za Malkia Viktoria. Nilipofika Vita vya Kwanza vya Dunia biskuti zilikuwa zimekwisha, na wasikilizaji pia.

Sikumwambia mke wangu, Nyokabi. Alirudi kutoka zamu yake ya hospitali akavua viatu mlangoni, miguu imevimba kama mikate. Tulikubaliana zamani: siku kazi yangu itakapothibitishwa, yeye ataacha zamu za wikendi. Aliniuliza kama Julai bado ni ile ile. Nikasema Julai haijawahi kubadilika.

Jumanne, 7 Machi

Nimeamka na mpango. Mzuri mno! Nimeona haya kuufurahia peke yangu.

Katika shule tunazozishauri, mtoto hanyoshi mkono. Sisi ndio tuliokataza, kwa sababu wanaonyosha ni wale wale kila siku. Badala yake kila mtoto ana kijiti cha aiskrimu chenye jina lake, vijiti vyote hukaa mkebeni, na mwalimu huchomoa kimoja bila kuangalia. Usawa mtupu. Mimi ndiye niliyeieneza dini hiyo, shule baada ya shule, mkebe mkononi kama mhubiri wa sokoni. Nimewahi kumfokea mwalimu wa Longbridge hadi akalia, eti kwa kuwa alichungulia kabla ya kuchomoa.

Sasa: nani amesema mkebe lazima uwe na majina yote?

Nitatengeneza wangu. Ndani yake wale vichwa tu. Nawajua vizuri, niliwachagua mwenyewe kwa ule mpango wetu wa vipaji unaowaleta chuoni kuona maktaba na kula sandwichi. Fosia peke yake anaweza kumjibu waziri. Nitachomoa, atajibu. Nitachomoa tena, mwenzake ataongeza. Bi Swaran ataona darasa la Kingstanding likiwaka kama taa za sikukuu.

Jioni nilinunua aiskrimu za vijiti Harborne. Mvua ya mawe ilikuwa inanyesha. Mwenye duka alinitazama kwa huruma. Nilikula zote jikoni, meno yakafa ganzi. Nyokabi aliuliza kama niko salama. Nikasema ni utafiti.

Jumatano, 8 Machi

Dalmar ni kijana wa Garissa aliyepitia Uholanzi. Ana adabu inayochosha. Leo alikuja mezani kwangu na chai ya tangawizi kwenye chupa, akamimina, akasubiri ninywe kwanza. Akasema, mzee wangu, nimekwama. Akasema tangu aje Kituo hiki hajasimama mbele ya watoto, na usiku huu hajui ataanzia wapi. Mimi mwalimu wa siku nyingi nimsaidie.

Mungu ananipenda.

Nilimshauri kwa moyo wangu wote. Nilimwambia aache kompyuta. Aache slaidi, aache picha, asiandike hata lengo la somo ubaoni. Aingie mikono mitupu kama mtu aliyepotea njia, awasimulie watoto jambo lililompata, awaulize wanafikiri nini. Nikamwambia Bi Swaran anaabudu mambo hayo. Kweli yake, Bi Swaran ni mtu wa malengo, wa saa, wa vipengele. Atamla mzima.

Dalmar alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema Mungu anizidishie. Nilijisikia vibaya hadi kituo cha basi.

Alhamisi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Dalmar aliingia mikono mitupu, mimi nimeketi nyuma na Tara. Watoto wakamcheka kidogo. Akaketi juu ya meza, akawaambia kwamba shuleni kwao kitabu cha sayansi kilikuwa kimoja. Mwalimu akakichana, kila mtoto akapewa kurasa zake azibebe nyumbani, azilinde, arudi kuwafundisha wenzake. Siku moja msichana mmoja akaugua surua, akakaa nyumbani na moyo na mapafu. Darasa lote lilifanya mtihani bila kujua damu inapita wapi.

Kimya. Kingstanding, mwaka wa tisa, baada ya chakula cha mchana, kimya!

Kisha akawauliza: kama kila mmoja wenu angekuwa ukurasa, ni kitu gani ambacho wenzenu hawatakijua usipokuja shule? Wakaandika. Mvulana aliyekuwa akirusha vipande vya kifutio alisoma chake kuhusu kumhudumia babu yake asiyeona. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka. Bi Swaran alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Kwa desturi ya Kituo nilitakiwa kumpa mwenzangu nyota mbili na ombi. Nilisema: nyota, sauti ilisikika, nyota, shati limepigwa pasi, ombi, asirudie. Tara aliniomba nitafute maneno mengine. Dalmar akaingilia kati, akawaambia wote kwamba wazo zima lilikuwa langu, yeye alilitekeleza tu. Tara akanipongeza. Bi Swaran akasema basi ana hamu kubwa ya kuniona mimi mwenyewe kesho.

Hii ni hujuma. Adabu ni silaha, na nchi hii haina sheria ya kuizuia.

Ijumaa, 10 Machi

Niliingia na suti. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: KIWANDA NI MALI YA NANI? Mwaka mmoja karibu unatimia tangu kiwanda cha magari Longbridge kifungwe, na jiji zima linazungumza kuhusu hisa na wanunuzi kana kwamba magari yalijiunda yenyewe. Nilikuwa na hoja. Nilikuwa na moto. Nilikuwa na mkebe.

Nikautikisa. Nikafumba macho ili Bi Swaran aone haki inavyotendeka. Nikachomoa: Fosia.

Hakuna jibu. Sauti ikasema Fosia hayupo, mwalimu, yuko chuo kikuu.

Nikacheka, nikachomoa kingine. Naye yuko chuo kikuu. Kingine. Chuo kikuu. Darasa likaanza kufurahia. Kila nilipochomoa waliimba pamoja: chuo kikuu!

Ndipo nilipokumbuka. Ule mpango wa vipaji. Basi linalowachukua vichwa wote wa shule hii kuwapeleka chuoni kwetu, Ijumaa moja ndiyo, moja siyo. Nani aliyepanga ratiba? Mimi. Nani aliyepigania iwe Ijumaa na si Jumanne, akatishia kujiuzulu? Mimi! Wakati huo huo Fosia alikuwa ameketi mita chache kutoka ofisi yangu, anakula sandwichi niliyoiagiza.

Mkebe ukaisha. Mtu mwingine angeuweka chini. Mimi niliutikisa tena, mtupu.

Msichana wa safu ya mbele, Batula, akauliza jina lake liko wapi. Nikasema subira. Akasema ameona vijiti vyote vikitoka na chake hakimo. Cha jirani yake pia hakimo. Akageuka akawauliza wenzake nani ana kijiti, na darasa zima likaangaliana. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma saa: kwa hiyo hukukusudia kutuuliza sisi.

Nikachungulia mkebeni. Mimi!

Akaendelea. Alisema jibu la ubaoni analijua, mjomba wake alikuwa fundi wa kuyafungia magari milango kule Longbridge tangu akiwa kijana, hadi siku walipoambiwa wasirudi, na bado huamka saa kumi na moja alfajiri akavaa buti. Anataka kueleza mjomba anasema kiwanda ni cha nani.

Ndicho kipindi nilichokiota maisha yangu yote. Kilikuwa pale, mbele yangu, kinaongea.

Nikamwambia asubiri kijiti chake.

Bi Swaran alitoka nje. Tara alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Sijui kama alikuwa analia.

Jumamosi, 11 Machi

Dalmar alipiga simu nyumbani, Nyokabi akapokea. Ndivyo alivyojua yote. Aliniletea simu chumbani akaibonyeza kifuani mwangu. Alikuwa amevaa sare, anaenda zamu.

Dalmar alisema hakulala. Alisema haiwezekani yeye abaki kwa wazo langu na mimi niondoke. Ameongea na Bi Swaran, ameongea na Tara. Kazi igawanywe, mzee wangu, nusu yako, nusu yangu. Mkewe ameafiki. Alisema kwao mkubwa hatolewi nje ya nyumba kwa sababu ya siku moja mbaya.

Nusu! Nilimwambia nitatafakari. Nikaweka simu, nikaanza kuzunguka chumba nikieleza kwa nini hii ni hila ya kikoloni ya kugawanya wafanyakazi.

Nyokabi alisubiri nimalize aya. Kisha akasema, Baba Achieng, tangu Jumatatu ulijua, ukaniangalia nikifunga viatu. Akasema kwa nusu hiyo anaweza kuacha Jumamosi, ibaki Jumapili peke yake, na mgongo wake hauombi zaidi ya hapo. Nikubali, nifunge mdomo, nimshukuru yule kijana. Ndilo jambo pekee aliloniomba mwaka huu.

Binti yetu Achieng, kutoka ngazini, alisema jambo kwa Kiingereza kuhusu baba za watu wengine.

Nimemwahidi. Nimeapa kwa Biblia aliyoniletea yeye mwenyewe.

Jumatatu, 13 Machi

Nimesaini. Nusu ya kazi. Bi Swaran ameweka sharti: nishauri walimu, ila nisikae na watoto chumba kimoja. Nilifungua mdomo. Dalmar akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa adabu, akaniomba radhi. Nikaufunga.

Nyokabi alipiga simu wodini hapo hapo, akaacha Jumamosi. Alicheka simuni. Nilikuwa nimesahau kicheko hicho.

Jumatano, 15 Machi

Nusu ya meza, nusu ya kabati. Dalmar ameniachia upande wenye dirisha. Mtu huyu hapumziki.

Nimeitazama nusu yake siku mbili. Inakaa pale tu. Kusema kweli haimfai. Ana watoto wadogo, ana kozi ya jioni, ana macho mekundu. Kumwacha hivyo ni ukatili, na mimi sijawahi kunyamazia ukatili wa mwajiri.

Kwa hiyo leo nilimwendea Tara faraghani. Nilinena kwa upole usio wa kawaida yangu. Nilimwambia kazi hii, hata nusu yake, ni mzigo kwa mtu aliyechoka. Anayekipenda Kituo amwondolee mzigo huo kwa heshima kabla hajaanguka, na nusu mbili zirudi kuwa kitu kimoja mikononi mwa mtu mmoja mwenye nguvu. Sikutaja jina. Mtu mwenye akili hahitaji jina.

Tara alinisikiliza hadi mwisho. Haijawahi kutokea. Macho yakamlainika. Alisema hakujua. Alisema inahitaji ujasiri mkubwa kwa mtu wa umri wangu kuja kusema jambo kama hilo mwenyewe, bila kulazimishwa. Akanishika bega. Akasema nisiwe na wasiwasi, kesho asubuhi atazungumza na Dalmar, kisha tutakaa sote watatu tulimalize kwa heshima niliyoomba. Atanunua keki.

Keki! Kwa nusu nilipata biskuti.

Nimefika nyumbani mbio. Nyokabi alikuwa amelala kwenye kochi mchana kweupe, mdomo wazi kidogo, kama mtoto. Nimemwamsha. Nimemwambia apige simu wodini sasa hivi, aache na Jumapili.