Dizeli Yenye Harufu ya Samaki

Jumatatu, 4 Machi

Mtoto kaamka na jino jipya na hasira za jana. Sijalala. Mume wangu katangaza akiwa kaangalia chai yake, siyo mimi: dizeli inakula faida yote ya mashine yetu ya kusaga, na rafiki yake kamtafutia kazi ya kuendesha lori la masafa marefu. Atakuwa anakuja nyumbani mara mojamoja. Jibu linatakiwa Jumatatu ijayo. Nikasema sawa, baba. Nikaosha vyombo kwa nguvu mpaka sahani ikapasuka.

Silitaki lori. Namtaka yeye na viatu vyake vyenye unga, nivifokee mlangoni.

Mchana redio ikasema injini ya dizeli inaweza kutumia hata mafuta ya kukaangia yaliyochoka, yakitengenezwa vizuri. Nikakaa chini. Wifi yangu, dada yake mume wangu, anakaanga samaki kibarazani kila siku. Mafuta yaliyochoka? Nyumba nzima inanuka hayo.

Jumanne, 5 Machi

Wifi hakubali kwamba mafuta yake yamechoka. Kasema bado mabichi. Meusi tii, utadhani ndiyo kwanza yametoka kwenye injini. Ikabidi nimwambie kuna mteja kalalamika tumbo. Hakuna mteja wa hivyo. Kayamimina kwenye dumu langu huku kanuna. Kasema, "Wifi, wewe una lako."

Ninalo.

Muuza kemikali kaniuzia methanoli na magadi makali, vya kugeuza mafuta kuwa dizeli, pamoja na hotuba. Ni sumu. Usisogeze moto. Usisogeze mtoto. Vaa glavu. Kausha mafuta kwanza, na upime kila kitu. Nikaitikia kwa adabu. Mtoto nikampeleka kwa mama mkwe, nikavaa glavu na miwani ya jua ya mume wangu, nikaenda uani.

Hapo kwenye kupima ndipo alipokosea mtu. Mimi uji naukoroga kwa jicho, na mtoto ana mashavu yale.

Jumatano, 6 Machi

Imeganda. Dumu zima limekuwa sabuni.

Wifi kaichota kwa kijiti, kaisugulia sufuria zake, zimeng'aa kama za bibi harusi. Kasema safari hii angalau nimefanya la maana. Bora angenitukana. Kaniletea mafuta mengine, nimtengenezee sabuni nyingine.

Mume wangu katoa begi lake la safari, kalikung'uta vumbi. Mtoto kaingia ndani ya begi, kakaa. Sikumtoa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepima. Kwa kikombe cha mtoto, lakini nimepima.

Na imekubali! Gliserini nyeusi imezama chini, juu kimebaki kitu cha rangi ya asali. Nikakihamishia kwenye dumu safi. Ilibaki kukiosha kwa maji. Muuza kemikali alisema mwagia maji polepole, kama unamnawisha mtoto aliyelala, na usitikise kabisa.

Mkono wangu una mazoea yake. Nilipofunga kifuniko tu ukaanza kutikisa, kama chupa ya maziwa. Hata wimbo niliimba. Nilipomaliza ubeti wa mwisho, dumu lilikuwa na kitu cheupe, kizito, hakijulikani kama ni mafuta au maji.

Nimekiacha juani. Nimekiomba radhi.

Jumamosi, 9 Machi

Kimetulia, kimejitenga, kinang'aa. Nikasubiri mume wangu aende kinyozi, nikamimina kwenye tangi la mashine.

Ikawaka. Ikasaga. Nikajiona mhandisi.

Kisha moshi ukatoka, na moshi ulikuwa samaki. Paka wakajipanga mlangoni. Mama mmoja kanusa unga wake, kauliza kama siku hizi tunausaga pamoja na kitoweo. Wifi akatokea kibarazani, pua juu, kapaza sauti mtaa mzima usikie: "Hao samaki ni wangu!"

Mashine ikakohoa. Ikazima.

Fundi kafungua chujio, limejaa tope jeusi. Kasema, "Shemeji, mafuta yako yameosha tangi zima. Uchafu wote wa miaka umehamia hapa." Nikasema basi nimefanya usafi. Fundi kacheka. Mume wangu, aliyerudi kanyolewa upande mmoja baada ya kuitwa mbiombio, hakucheka.

Nikaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo sikuvihitaji. Alikuwa na sababu moja ya kuondoka. Nimempa ya pili.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya jibu. Mume wangu kampigia rafiki yake, kasema hawezi kuondoka, utumbo wa mashine uko sakafuni. Tangu juzi yeye na fundi wanaosha mabomba na kubadilisha chujio. Leo mchana ikawaka, tena dizeli ya kawaida, ikanguruma kuliko siku tuliyoinunua. Akambeba mtoto begani, wote weupe kwa unga. Kasema alikuwa kasahau anavyoipenda hii mashine. Kisha kaniapisha, mbele ya wifi kama shahidi, nisimimine tena kitu chochote kwenye mashine yake. Nikaapa. Nikafoka kuhusu viatu mlangoni, nikaenda jikoni kufurahi peke yangu.

Jioni kaniambia rafiki yake hajakata tamaa. Anakuja Alhamisi kumshawishi ana kwa ana. Anakuja na lori lenyewe.

Nimeapa kuhusu mashine. Kuhusu lori hakuna aliyeuliza.

Nimeshamwambia wifi kuna mteja mwingine anaumwa tumbo. Safari hii sina muda wa kupima.