Pingamizi la Ndoa ya Kipeo na Saini

Mhezi, Same

Ndugu Mkuu wa Shule,

Salamu nyingi, na poleni na baridi. Mimi ni Mwalimu Eliufoo, mstaafu, niliyefundisha hisabati shuleni hapo miaka thelathini na moja. Aliyeshika chaki yangu sasa ni binti yangu wa kuzaa, Mwalimu Ernesta, na ndiye ninayemlalamikia. Wiki iliyopita aliwaandikia Kidato cha Sita ubaoni kwamba e ikipewa kipeo cha i mara pembe, ni sawa na kosaini ya pembe hiyo, jumlisha i mara saini yake. Kwa lugha ya nyumbani, amewaoza Saini na Kosaini kwa Kipeo, yaani hiyo e na kipeo chake, wote wawili kwa mpigo, na sisi ni Walutheri. Naweka pingamizi kama ifuatavyo:

1. Tabia zao haziendani. Kipeo hupanda tu, hajui kushuka. Saini na Kosaini hupanda na kushuka, na hawajawahi kuvuka moja. Niliwafundisha mihula tofauti, kwa madaftari tofauti, wasije wakazoeana.

2. Mshenga wao ni i, yaani kipeuo cha pili cha hasi moja, namba ya kufikirika. Ukoo gani hapa Upareni umewahi kumkaribisha mshenga wa kufikirika?

3. Kipeo niliyemfahamu mimi hakuwahi kutoa jibu la hasi. Sasa akipewa i mara pai, anatoa hasi moja! Mwanafunzi wangu Lukasi aliwahi kuandika jibu la hasi, nikamkata kwa wino mwekundu. Leo anachimba jasi Makanya, na juzi amenipigia simu kudai alama zake.

4. Jirani yangu Paschal, aliposikia habari hizi, alisema mpaka wa mashamba yetu nao ni wa kufikirika. Ameshapanda maharage hatua tatu ndani kwangu.

5. Nilimwachia binti yangu notisi zangu zote, kurasa mia nne, nimezishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Hazifungui. Nasema wazi, nimeumia.

Hivyo naomba ndoa hii uisimamishe mara moja, na Kipeo ahamishiwe Ndungu, kule tambarare, ambako hakuna pa kupanda.

Nisalimie walimu wote, mpishi Mama Asteria na mlinzi Nassoro.

Wako katika kulinda mipaka ya mada,
Mwl. Eliufoo (mstaafu)

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilikaa kutafuta kosa lake ili niliambatishe. Nilichukua pembe mbili, nikaiandika kila moja kwa kanuni yake ya e, nikazidisha hizo e mbili, na kwenye mstari wa nne zikatoka zile kanuni za kujumlisha pembe nilizowakaririsha watoto miaka yote. Zimetoka zenyewe, Mkuu. Ernesta alipokuwa Kidato cha Tano aliniuliza zinatoka wapi, nikamtoa nje ya darasa. Barua hii usiijibu. Mwombe tu aniwekee dawati Jumatatu, na nikiuliza swali, asinitoe nje.