Malalamiko Kuhusu Rubani wa Kijerumani Asiyejua Kujaza Kitabu cha Zamu

West Bay, Doha
Alhamisi, 13 Juni 2013

Kwako Bosi Mutai, Msimamizi wa Walinzi,

Pokea heshima zangu kutoka geti la magari, juani.

Toka Najma hadi Al Wakrah hakuna mlinzi anayesoma kunishinda. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa. Ndiyo maana nashangaa umenitoa mapokezini, kwenye kiyoyozi, eti Jumanne nilikuwa nasoma kitabu kazini. Sikusoma, bosi. Nilikagua.

Nakuandikia kabla ya Jumapili, siku mtakayomhukumu dada Loice wa usafi kwa kutoroka kazi saa tatu nzima Jumanne hiyo hiyo. Ushahidi wenu ni kitabu changu cha zamu, na akishindwa anapandishwa ndege ya Nairobi. Sitaki mtu aseme aliyekijaza hajui kuweka kumbukumbu.

Kitabu nilichokagua ni cha rubani mmoja Mjerumani, anasimulia vita vyake. Mpangaji wa ghorofa ya kumi na tisa alikisahau mezani pangu. Niliangalia utumishi wake tu, kama unavyoangalia wetu:

1. Anasema aliripoti kikosini Aprili 1941. Mbele kidogo anavishwa nishani kwa kazi aliyofanya na kikosi hicho Februari. Sisi ukisaini kabla ya kuripoti unapewa barua ya onyo.

2. Aliangusha ndege tatu kabla ya chai. Shahidi ni rafiki yake, ambaye ukurasa wa nyuma tu alikuwa hospitalini, mguu juu. Ndege hizo zifutwe, na Waingereza waarifiwe kwamba bado wanazo.

3. Alipewa likizo ya siku kumi akamwone mamake. Siku ya sita yuko juu ya bahari anapiga risasi. Labda mama anaishi mawinguni.

4. Hili ndilo limeniudhi. Miaka minne anazunguka juu ya Ulaya, anajisifu kwa macho ya mwewe, lakini huko chini hakuona kambi za mauaji, hakuona treni zilizojaa watu, hakuona lolote. Kila siku anga safi. Mlinzi gani huyo? Tony, mwenzangu hapa getini, ananiambia, "Waache wafu walale, profesa wa mapokezi." Mimi nasema avuliwe cheo, hata kama kaburini.

Kwa hiyo naomba nirudishwe mapokezini. Na Jumapili mkifungua kitabu changu, aminini kila mstari. Mimi si Mjerumani. Saa baada ya saa nimeandika "hali shwari".

Msalimie Phoebe wa ofisini, dereva Wesley, na mpishi wetu pamoja na dengu zake.

Mtiifu wako kuwapita wote,
Maurice Nyongesa

N.B. Loice anasema alikwama kwenye lifti ya mizigo mpaka ilipowaka yenyewe. Ni kweli. Kengele ililia mezani pangu, nikaipunguza sauti kwa sababu rubani alikuwa anatua na gurudumu moja. "Hali shwari" zote kumi na mbili niliziandika asubuhi, nikiwa bado nafunga tai, kama tufanyavyo sote. Jana kaniletea chapati hapa getini, akanipa pole kwa kuhamishwa. Nilikula. Sijamwambia.