Babu Breki Auvuka Mlango wa Chumba cha Kulia

Njooni, enyi wenye miguu inayotii, kaeni mtege masikio, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa asubuhi moja katika nyumba hii ya kutunzia wazee wenye ugonjwa wa kutetemeka, baina ya Babu Breki, dereva mstaafu wa malori, mshinda milima, mtiisha makorongo, na mlango wa chumba cha kulia.

Mnacheka? Chekeni. Ugonjwa huu hautetemeshi mikono tu. Ukifika mlangoni miguu inaganda kama iliyopigiliwa misumari, na wewe unaitazama kana kwamba ni ya jirani. Lakini ionyeshe kitu cha kuruka, hata mstari tu, inanyanyuka kama ya mbuzi. Ndiyo maana pale mlangoni palibandikwa mistari ya tepu nyeupe, nasi tukipita kwa heshima zetu.

Basi akainuka Mama Msimamizi, Malkia wa Funguo, Mwangamiza Vumbi, ambaye hekima yake yote ilikaa kwenye ndoo ya sabuni. Wageni walikuwa waje kuikagua nyumba. Akaiona ile mistari ni uchafu, akaibandua yote kwa mkono wake mtukufu, akaing'arisha sakafu hata ukajiona meno. Kisha akatoa amri: "Atakayekwama mlangoni leo anakaa kiti cha magurudumu, na hatoki tena. Sitaki foleni mbele ya wageni!"

Kiti kile tulikijua. Bibi wa chumba cha mwisho alikalishwa kwa ajili ya mafua tu. Miguu yake ikasahau kazi hadi leo.

Tukaitwa chai. Babu Breki akatangulia, kifua mbele, akafika mlangoni, akaganda. Nyuma yake jeshi letu la mikongojo likagandamana.

"Ingiza gia, mzee!" nikamwambia.

"Gia ninayo, bibi wewe. Barabara ndiyo imefutwa!"

Mama Msimamizi akaja anakisukuma kile kiti kama jemadari na mzinga wake. "Babu, kaa. Usinitie aibu."

"Mwanangu," akanguruma Babu, jasho likimtiririka, "nimevusha shehena kwenye mito isiyo na madaraja. Sikalii kitoroli hicho nikiwa hai!"

"Basi hupiti!"

Na hapo, enyi wasikilizaji, Malkia akatenda kosa ambalo majemadari wote wa dunia wangelilia kwa kicheko: akautoa mguu wake mnene, akauweka katikati ya mlango ili kumzuia.

Babu akainamisha macho. Akakiona kiatu. Goti likapanda, unyayo ukapaa juu ya kiatu kile kama tai juu ya kichuguu, ukatua ng'ambo. Wa pili ukafuata. Amepita!

Malkia akataka kuurudisha mguu wake.

"Aa-aa, Mama, uache hapo hapo," nikasema kwa adabu zangu zote. "Na sisi tunapita."

Afanyeje? Wageni walikwisha kuingia, wanatazama. Akabaki kasimama, mguu mbele, anatabasamu kama aliyetafuna ndimu, na jeshi zima likamvuka mmoja mmoja, kila mtu na "asante, mwanangu" yake. Mgeni mmoja akamsifu: msimamizi gani huyu, hata mguu wake kautoa kwa ajili ya wazee!

Msifuni nanyi, mkipenda. Ila vizazi vijue kwamba asubuhi ile Babu Breki aliifikia chai yake kwa miguu yake mwenyewe, akaimwaga nusu nzima mezani, wala hakuna aliyethubutu kumfutia.